Sanda Haishonwi

Kabla hajaitikia salamu yako, Fundi alikuwa ameshashika pindo la nguo yako na kuligeuza aone ndani. Unamwambia shikamoo, yeye anakagua mshono. Akiridhika anasema marahaba. Asiporidhika anauliza, "Hino alikushonea nani, adui yako?" Niliishi ghorofa moja juu yake pale Thamesmead, London, miaka kumi na kitu, na sikumbuki hata mara moja aliponitazama usoni kwanza. Kuna siku nilirudi kutoka nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi nimelia njia nzima, kwa sababu bibi niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi alikuwa amefariki. Fundi akanikuta ngazini. Akaninyooshea kidole kifuani, akasema kifungo cha pili kinataka kudondoka. Akaniingiza kwake, akakikaza nikiwa nimeivaa sare yangu vilevile, akakata uzi kwa meno, akanimiminia chai ya tangawizi. Nililia nini hakuuliza. Nilipotoka nilikuwa nimetulia, lakini ungemwambia kwamba alinifariji angekujibu kuwa alikaza kifungo tu.

Watu wakieleza habari za mkubwa waliyemjua huanzia kwa babu yake. Mimi ya babu yake siyajui na sikuyauliza. Nilijua ni mtu wa Mombasa kwa kuwa hakuniruhusu kusahau kwamba mimi ni mtu wa Tanga, na kwa maoni yake Watanga tuna kasoro mbili: hatujui kupima na hatujui kunyamaza. Alifanya kazi katika kiduka cha kurekebisha nguo karibu na stesheni ya Stratford, kilichobanwa kati ya duka la simu na duka la kucha. Siku nzima alifupisha suruali. "Ama watu wa hapa wote wana miguu mifupi," aliniambia, "ama anayewashonea suruali hajapata kuwaona." Mtu aliyewahi kushonea maharusi, akatia nakshi kofia za wanaume wanaojua kofia, sasa alikuwa akipinda suruali za walinzi wa maduka. Hakulalamika kwa mdomo. Alilalamika kwa mguu, kwa namna alivyokanyaga kile kidude cha cherehani mpaka kiduka kizima kikatetema.

Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo. Mkasi wake haukuguswa. Mimi niliwahi kuufungulia bahasha, mara moja tu, naye akaninunia hadi nikaenda kumwomba radhi na maandazi. Lakini kila Idi ilipokaribia alishonea watoto wa jengo zima, wa kwetu na wa wale Wakongo wanaoabudu Jumapili kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuuliza dini ya mtoto, aliuliza mabega yake. Kisha akazunguka akiwasema wazazi wao: "Asante ya punda ni mateke. Hata sahani ya wali hawaniletei." Walimletea wali. Alisema una chumvi.

Sifa alijidai hazitaki. Ukimsifu alikunja uso na kukujibu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini jaribu kunyamaza. Nguo aliyoimaliza angeitundika mbele yako. Angeisogeza kidogo upande wa mwanga. Angekohoa. Angeuliza kama kuna joto humu ndani. Mwisho ungesema, "Fundi, hii kazi!" naye angeshusha pumzi na kukujibu kwa hasira kwamba ni kitu cha kawaida. Na buibui lake mwenyewe pindo lake lilikuwa limefumuka tangu nimjue. "Kinyozi hajinyoi," alisema nilipomwonyesha, akaenda zake akiliburura.

Sasa farasi. Siku moja aliingia dukani mwanamke wa Kiingereza, mstaafu, mpole, nywele nyeupe zimefungwa kwa utepe kama za msichana, akatoa mkobani kiblanketi cha ukubwa wa leso kilichofumuka ukingo. Fundi alidhani ni cha paka. Kumbe ni cha farasi, na farasi mwenyewe ni sanamu ya plastiki, anaenea kwenye kapu la sokoni. Wako watu hapa nchini, wengi wao wanawake wazima wenye akili zao, wanaokusanya farasi wa namna hii, wakawapaka rangi upya, wakawavisha matandiko na hatamu za kweli kwa udogo wake, kisha wakakodi ukumbi na kuwapanga mezani ili jaji apite akiwakagua. Kuna shindano la umbo la farasi mwenyewe, kuna la matandiko, na kuna la mavazi, ambamo unampandisha mwanasesere juu ya farasi, unawavisha wote wawili, na unatengeneza mandhari yao: lango, mti, nyasi, taa. Mshindi hupewa ua la utepe mwekundu. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika ukuta. Fundi hakucheka. Alikuwa anahesabu nyuzi za lile blanketi.

Tulimwita Bibi wa Farasi, na jina lake halisi halitatusaidia kitu hapa. Alirudi na tandiko, akarudi na joho, akarudi na mavazi kamili. Fundi alifumua nyuzi za hariri, akazigawa hadi zikawa nyembamba kuliko unywele, akatia nakshi kwenye pindo ambalo lingeingia lote chini ya kidole gumba changu. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Farasi wa kweli hakuwahi kumgusa maishani, na wale wa plastiki aliwaita punda, kusudi, ili nimsahihishe. Lakini siku ya mechi, polisi walipokuwa wamepanda farasi wao nje ya stesheni ya Stratford, nilimwona kwa macho yangu akipita katikati ya mashabiki waliolewa, buibui linaburura, akaenda kusimama kando ya tumbo la mnyama mmoja na kumwuliza askari wa kike kwa Kiingereza chake cha dukani, "Where it is tie?" Askari hakuelewa. Fundi akaonyesha kwa kidole mshipi wa tumboni. Askari akacheka, akainua mguu, akamwonyesha. Jioni ile alifumua kazi ya wiki mbili, akaianza upya, kwa sababu mshipi alikuwa ameuweka mbali na mguu wa mbele.

Kazi zile zilikwenda kwenye maonyesho na Bibi wa Farasi akarudi na maua mekundu. Alimwonyesha Fundi picha kwenye simu kwa furaha ya kweli. Nisimsingizie. Hakuiba. Alinunua, akalipa bila kubishana, na Krismasi alileta biskuti. Wala hakuwahi kusema kwamba ameshona yeye. Watu walipomsifu kwa mshono wake, alisema asante. Basi. Kwa asante hizo chache akawa, katika kumbi zote zile, mwanamke mwenye mkono ambao hakuna mwingine aliye nao.

Fundi alilitaka jambo moja, na alinitamkia waziwazi tukiwa kwenye treni ya kurudi Abbey Wood, stesheni ya kwetu. "Nataka siku moja kwenye meza ile kuwe na kitu, watu wasimame, waulize cha nani, waambiwe changu mie." Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kabla ya hapo. Alimpata farasi wake kwenye duka la mitumba ya hisani, wa kijivu, sikio moja limevunjika. Akaliunga sikio kwa gundi na kulipaka rangi hadi usingejua lipi ni lipi. Akaniambia nimtafutie onyesho la karibu. La karibu lilikuwa la Oktoba, na shindano la mavazi lilitaka mandhari ya Halloween, usiku wao wa kujivika mizimu na kugonga milango wakiomba peremende.

Hapo lazima nieleze jinsi alivyoichukia Halloween. Kila mwaka jioni ile alizima taa, akakaa gizani na tasbihi yake, na watoto wakigonga mlango aliwafokea kupitia tundu la barua kwamba warudi kwa mama zao wakasome. Watoto walewale aliowashonea Idi. Alisema ni ushetani, ni kuchezea mambo ambayo hayachezewi. Na bado miaka mitatu mfululizo alikuwa amemshonea Bibi wa Farasi wachawi, mifupa, na malkia wa giza mwenye joho la nyota za fedha. Nikimwuliza inakuwaje, alinijibu nguo ni nguo.

Kwa hiyo nilidhani kazi ni nyepesi. Nilikwenda kwake Jumamosi, nikakaa jikoni, nikamwambia ashone mchawi, kwa kuwa wachawi wake hawana mfano.

"Nataka mzimu," akasema.

"Sawa. Mzimu wa hapa ni shuka jeupe, linatobolewa macho mawili. Ukitia nakshi ukingoni litapendeza."

Akanitazama kana kwamba nimetapika mezani. "Mzimu ni nani? Si mtu aliyekufa? Na aliyekufa anavikwa nini?"

"Sanda, Fundi. Lakini hawa..."

"Nimekuuliza anavikwa nini, umenijibu. Maiti hatobolewi macho."

"Basi ishone vizuri hiyo sanda, waione sindano yako."

Akaweka sindano chini. "Sanda haishonwi. Kwani huko Tanga mlilelewa na nani?"

Ni kweli, haishonwi. Kila aliyekulia kwenye mtaa wetu anajua hilo. Bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, hupimwa, huchanwa kwa mkono, maiti akaviringwa na kufungwa kwa tambaa zilizochanwa kutoka kitambaa kilekile. Hakuna pindo, hakuna fundo la uzi. Nyumbani Mombasa alikuwa akiitwa akifa mwanamke ili apime na kuchana, na aliniambia kwamba kuchana bafta likaenda sawa toka mwanzo hadi mwisho kunataka mkono kuliko kushona. Lakini nani Uingereza anajua hayo? Nilimwambia, "Fundi, wale wanatazama mshono. Wanainama na lenzi. Ukipeleka kitambaa kilichochanwa wataona ni tambara." Nikamwambia pia kwamba mimi mwenyewe naogopa, maiti si mchezo.

"Mie sichezi," akasema. "Wao ndio wanaocheza."

Akamaliza kwa siku chache, na kila nilipopita nilikuta anachana, anatupa, anachana tena. Vipande vitano, idadi ya sanda ya mwanamke, maana mwanasesere alikuwa wa kike. Alimketisha upande juu ya yule farasi wa kijivu, ameviringwa kuanzia kichwani hadi miguuni, amefungwa juu, kiunoni na chini, na kichwa kimeegemea shingo ya mnyama. Hapakuwa na boga wala popo. Palikuwa na ardhi ya mchanga na njia nyembamba. Akanyunyiza karafuu maiti iliyosagwa, ile wanayopakwa wafu. Nilipoiona imekamilika nilikumbuka mama yangu alivyolala mkekani, nikatoka nje kidogo. Aliniona nikitoka. Hakukohoa wala hakuisogeza kwenye mwanga.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja kusini mwa London, meza ndefu, farasi mamia, wanawake wenye brashi ndogo wakiondoa vumbi kwenye kwato. Bibi wa Farasi alikuwepo na malkia wa giza. Alipomwona Fundi alimkumbatia kwa nguvu. "Umekuja kutazama! Vizuri sana!" Fundi akamwambia yes, madam, akapita na kapu lake, akaenda kupanga chake mwisho wa meza, karibu na mlango wa choo, ndipo palipobaki nafasi.

Jaji alikuwa mwanamke mrefu mwenye adabu. Alisimama mbele ya kazi ya Fundi muda mrefu, nami nikasogea karibu. Akainama. Akavuta pumzi puani, akarudi nyuma. "Hii harufu ni ya nini? Dawa ya nondo?" Nikamweleza. Akaitika kwa kichwa, akaandika. Kisha akauliza mpanda farasi anamwongozaje mnyama wake bila kushika hatamu.

Nikamfasiria Fundi. Akanijibu bila kupepesa, "Mwulize maiti anashikaje hatamu."

Nilifasiri nusu. Jaji akatabasamu, akasema wazo lina mvuto ila hili si vazi la Halloween hasa, na pia yeye hutoa alama kwa ufundi wa mavazi na hapa haoni ufundi, anaona kitambaa kimezungushwa. "Hamna hata mshono mmoja," alisema kwa upole, kana kwamba anatusaidia. Akasogea. Alipofika kwa malkia wa giza alitoa lenzi mfukoni, akainama, na akakaa pale akiguna kwa raha juu ya nakshi ya joho ambayo mimi niliiona ikishonwa jikoni Thamesmead, bakuli la maharage pembeni.

Ua jekundu likaenda kwa Bibi wa Farasi. La Fundi halikuwepo, wala la rangi nyingine yoyote. Na tulipokuwa tunakusanya vitu, Bibi wa Farasi alikuja kumshika Fundi bega, akamwambia asivunjike moyo, mwaka ujao aje amwulize mapema, atamwonyesha majaji wanapenda nini. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Fundi akanikanyaga mguu.

Kwenye treni nilimwaga hasira zote juu yake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwambia ukaidi umemponza. Mtu ana mikono ile, nafasi ameipata, jina lake mwenyewe limeandikwa mbele ya kazi, halafu anapeleka kitu kisicho na tundu moja la sindano! Malkia wake amemshinda yeye mwenyewe! Alisikiliza mpaka Abbey Wood, kapu limekaa mapajani. "Umemaliza?" akauliza. Nikasema nimemaliza. Akasema basi tushuke.

Baadaye nilihama, nikaenda kukaa upande wa Rayners Lane, karibu na kazi mpya, London nzima ikawa katikati yetu. Kwa muda mrefu nikieleza habari zake niliishia hapo kwenye treni, na watu waliniunga mkono kwamba wazee ni wakaidi. Mwaka huu, kiangazi, nilikwenda kumwona. Kiduka cha Stratford kimefungwa, macho yamepungua, anashonea nyumbani karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Mezani pale jikoni palikuwa na kitambaa cheusi na waya mwembamba.

"Cha nani?" nikauliza, nikijua.

"Chake. Mwaka huu anataka popo."

Nikamwambia sielewi, wallahi sielewi, mtu anawezaje kuendelea kumshonea mwanamke yule. Nikaongeza kwamba lile ua la Oktoba lingekuwa lake kama angenisikiliza akashona.

Akaendelea kukunja waya. Kisha akasema, kwa sauti ya kuagiza sukari, "Nilikwenda mara moja bila wewe. Kabla ya hiyo Oktoba. Karibu na Pasaka."

"Ulikwenda wapi?"

"Kwenye farasi wao. Nilimpeleka yule wa kijivu, na blanketi. Nilikuwa nimelitia nakshi miezi. Sikukwambia, nilitaka nije nikuonyeshe ua." Akapapasa uzi mezani, nikausogeza mkononi mwake. "Wakalitazama. Wakaitana. Wakawa watatu, wanne. Nikasema leo ndo leo. Yule mkubwa wao akanambia, polepole, kama unavyosema na mtoto, kuwa blanketi ni zuri lakini ni la kuiga. Mkono huu tunaujua, ni wa fulani. Hapa haturuhusu mtu kuiga kazi ya mwenziwe. Wakaliondoa mezani."

"Na Bibi wa Farasi? Hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akasemaje?"

"Akawaambia msimlaumu, hajui sheria zetu."

"Na wewe, Fundi? Ulisemaje?"

"Mie Kiingereza changu ni cha kufupisha suruali. Nikasema sorry."

Basi likapita barabarani chini, vioo vikatetema. Akarudi kwenye waya wake.

"Sasa ile Oktoba wewe wanambia shona, Fundi, shona. Nikishona ni chake. Nikitia nakshi ni yake. Nikatafuta nguo isokuwa na mshono, niweke yangu. Na mie nguo isokuwa na mshono naijua moja tu."

Nililia, na safari hii hakutafuta kifungo. Alipoona sinyamazi alinipa ncha ya bawa la popo, akanielekeza nisimame upande wa pili wa meza.

"Shika hapo," akasema. "Vuta kidogo. Anakuja kulichukua kesho."

Nikashika.